Kuitega kerneli kompyuta ikiwa ndiyo kwanza inawaka

Kerneli ndiyo programu inayoshika usukani wa kompyuta: vifaa viko chini yake, programu nyingine zote juu yake. Kuichunguza papo hapo ni kutega sehemu ya msimbo wake ikiwa kazini, bila kuikompaili (kuigeuza msimbo wa mashine) upya wala kuzima mashine. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na kprobes, zana iliyo ndani ya kerneli yenyewe, iliyoingia katika toleo la 2.6.9 mwaka 2004.

Mtego wenyewe ni mdogo ajabu. Kwenye vichakataji vya x86, aina inayotumika katika kompyuta nyingi za mezani, agizo unalolitaka hunakiliwa pembeni, kisha baiti yake ya kwanza hufunikwa na baiti nyingine, 0xCC. Kichakataji kikiikanyaga, kinanasa na kurukia kwenye msimbo wa kushughulikia mitego. Hapo unasoma rejista (vihifadhi vidogo vya ndani ya kichakataji), unahesabu, unaandika ulichoona. Agizo la asili hutekelezwa kutoka kwenye ile nakala, na kerneli inaendelea na safari yake.

Mashine ikiwa ndiyo inaamka, shughuli ni nyingine. Mtego unategemea jedwali linalokiambia kichakataji kiende wapi kikinasa, na mwanzoni kabisa jedwali hilo halijapangwa. Nakala ya agizo nayo inataka nafasi kwenye kumbukumbu, na mgawaji wa kumbukumbu, sehemu ya kerneli inayotoa nafasi hizo, bado amelala. Ukitega mapema mno, mashine inaweza kuganda kimya, pengine bila hata ujumbe wa kosa.

Kwa nini basi usingoje? Kwa sababu viendeshi vingi vya vifaa huanzishwa wakati huo, na kifaa kibovu hukwamia hapo. Tena, fankisheni (vipande vya msimbo vyenye kazi maalumu) nyingi za mwanzo hutiwa alama ya __init, na kerneli huzifuta ikishamaliza kuwaka ili irudishe kumbukumbu. Ukifika kwenye kuingiza nywila, fankisheni hizo huna tena za kutega.

Zamani dawa ilikuwa kumwaga printk, amri ya kerneli ya kuandika ujumbe, kila kona na kukompaili tena na tena, kazi ya kuchosha kuliko kosa lenyewe. Toleo la 5.3 la mwaka 2019 likaruhusu mtego uandikwe kwenye mstari wa amri za kuwashia, yaani maelekezo kerneli inayopewa inapowashwa, kwa kigezo cha kprobe_event. Mwaka 2020, toleo la 5.6 likaleta bootconfig, maandishi ya mipangilio yanayobandikwa mkiani mwa initrd (faili la mwanzo linalopakiwa pamoja na kerneli), nafuu kubwa kwa mwenye mitego mingi. Ila mitego hiyo hutegwa kprobes yenyewe ikishaamka. Yaliyopita kabla ya hapo bado ni ya printk.