Lilly na Felice: mambo yanayokosewa kwenye stori yao

Hii stori ya Lilly Wust na Felice Schragenheim, wanawake wawili waliopendana Berlin wakati wa Hitler, naona inasimuliwa sana kama mapenzi ya kwenye sinema, na kila ikisimuliwa kuna kitu kinapindishwa. Inaniuma, maana mmoja wao alikuwa Myahudi na hakurudi.

Wengi wanadhani Felice alijifungia darini miaka yote, hatoki, hasemi. Sio hivyo kabisa. Oktoba 1942, alipoona zamu yake ya kusafirishwa na Wanazi kwenda kambini pamoja na Wayahudi wengine imekaribia, aliondoka akaacha maneno ya kuonyesha kwamba ameenda kujiua, halafu akabaki mjini humohumo. Alikuwa na miaka 20 tu. Baadaye akaingia kazini kwenye ofisi ya gazeti la Wanazi wenyewe, kwa jina la Felice Schrader, yaani anakaa katikati yao na kitambulisho hana. Na hakuwa peke yake, Wayahudi kama 7,000 walijificha Berlin, walionusurika ni kama 1,700.

Lingine, eti Lilly alikuwa anawapinga Wanazi tangu mwanzo. Hapana jamani. Alikuwa mke wa askari, mama wa watoto wanne wa kiume, mwenye medali ile waliyopewa akina mama waliozaa wengi. Walikutana tarehe 27 Novemba 1942 kwenye mgahawa karibu na stesheni ya Zoo, na Felice hakumwambia yeye ni nani, ingekuwaje amwambie? Miezi ikapita, wameshapendana, ndio akamwambia. Lilly hakumtoa, alimweka nyumbani kwake pale Schmargendorf, mtaa wa Berlin, na mume akapewa talaka mwaka 1943.

Sasa hili la sheria ndio linakosewa kuliko yote. Watu wanasema walisakwa kwa sababu ya kupendana. Ukweli ni kwamba kifungu cha 175 cha Ujerumani, kile kilichokataza mapenzi ya jinsia moja, kiliwabana wanaume, wanawake hawakutajwa, ila Austria sheria iliwagusa na wao. Aliyekuwa anawindwa ni Felice, kwa Uyahudi wake. Lakini usije ukaelewa kwamba mwanamke alikuwa salama. Kulikuwa na muuza duka wa Frankfurt, Henny Schermann, Myahudi, alikamatwa 1940 akapelekwa Ravensbrück, kambi ya mateso ya wanawake. Daktari mmoja wa Wanazi akageuza picha yake akaandika nyuma kwamba ni msagaji, anakwenda baa za wenzake, na anakwepa kutumia jina la "Sara" ambalo wanawake wa Kiyahudi walilazimishwa kubeba. Mistari michache tu nyuma ya picha, na 1942 akauawa kwa gesi kule Bernburg. Sheria haikumtaja, na bado walimuua.

Wapo pia wanaosema wawili hawa walikamatwa pamoja. Tarehe 21 Agosti 1944 walienda kuogelea mto Havel, kamera wakaitega ijipige yenyewe, picha zipo mpaka leo, wako na nguo za kuogelea, wanacheka, wanabusiana. Kurudi nyumbani wakakuta Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, wanawasubiri. Felice ndiye aliyechukuliwa. Lilly alibaki.

Felice akapelekwa kambi ya Theresienstadt, na Lilly akapanda treni akamfuata mpaka huko akiomba amwone, akafukuzwa. Kuna waliomlaumu kwamba safari ile ilizidisha hatari, mimi naona ni safari ya mtu aliyekuwa hajalala kwa kumwaza mwenzake. Oktoba Felice akapelekwa kambi ya Auschwitz, kisha kambi ya Gross-Rosen.

Wanaodhani Lilly alikata tamaa akakaa kimya, wajue kwamba baada ya hapo aliwaficha wanawake wengine watatu wa Kiyahudi mpaka vita vikaisha, na 1995 Israeli ikamtambua kwa hilo. Aliishi mpaka 2006, barua na mashairi ya Felice akiwa nayo. Siku aliyokufa Felice haijulikani. Mahakama ndiyo iliyoandika 31 Desemba 1944, kwa sababu karatasi ilitaka tarehe.