Saa 78 zisizo na mtu

Kituo changu cha kwanza kilikuwa zahanati moja juu ya uwanda wa Makonde, wilayani Newala. Wauguzi tulikuwa wawili. Nyumba ya mtumishi ilikuwa hatua chache kutoka chumba cha kujifungulia, na watu waliniona mwenye bahati, kwamba sihangaiki na bodaboda kwenda kazini. Lakini jua likishazama, mlango wa zahanati ulikuwa ni mlango wangu.

Leo napanga zamu za wodi ya wazazi mjini Mtwara, na kila nikishika rosta hesabu ile inanirudia. Wiki ina saa 168. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Wauguzi wawili, saa 90. Zinabaki 78, na uchungu wa uzazi hausubiri zamu ya mtu. Ili mahali pamoja tu pasikose muuguzi usiku na mchana, wanahitajika wanne, tena hapo asiugue mtu, asiende likizo, asiitwe semina. Pasipo wanne, saa hizo 78 wanazibeba walewale wawili, na wanazitoa kwenye usingizi, kwenye ndoa, kwenye jioni za kumsikiliza mtoto akisoma.

Ndiyo maana inaniuma muuguzi akiambiwa ajifunze kupanga muda wake. Apange upi?

Zamu ya usiku ina deni lake. Mwanga wa mchana unauamuru mwili kuwa macho, kwa hiyo ukilala saa nne asubuhi usingizi unakuja mfupi na mwepesi, hata uwe umechoka vipi. Weka juu yake bati la nyumba na joto la Novemba. Weka na msimu wa korosho: mume yuko shambani, majirani wako kwenye mikorosho, huna wa kumwachia mtoto. Kule Newala kulikuwa na kazi ya kuteka maji pia, natoka naiti nashika ndoo. Usiku mmoja nilisoma maandishi ya ampuli, kichupa cha dawa ya sindano, ya oksitosini inayoukaza mfuko wa uzazi, mara tatu, kwa sababu macho yangu mwenyewe sikuyaamini. Aliyekuwa kitandani alikuwa binti wa miaka kumi na tisa.

Kuna maumivu mengine hayahitaji ajira mpya kuyaondoa. Rosta inayobandikwa Jumapili jioni kwa ajili ya Jumatatu inamnyima mama hata nafasi ya kumtafuta dada wa kumshikia mtoto. Yangu naitoa wiki mbili kabla, na anayetaka kubadilishana zamu anaandika mwenyewe.

Sheria hiyohiyo inampa anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Miaka mingi sikuwahi kuziona kwenye rosta yoyote. Sasa naziandika kwa kalamu ya wino, pembeni ya jina lake, pamoja na jina la atakayeshika vitanda vyake hadi arudi.