Samaki wa Anemoni na Sumu Isiyomchoma

Kwa muda mrefu imesemwa kwamba samaki wa anemoni, yule mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, huzaliwa akiwa hadhuriki na sumu, na kwamba kwa sababu hiyo anaweza kujificha ndani ya anemoni yeyote. Maelezo hayo yanavutia, lakini si sahihi.

Anemoni ni mnyama wa baharini, si mmea, na minyiri yake imejaa seli ndogo zinazofyatua sumu zinapoguswa na kiumbe mgeni. Kinachomlinda samaki huyu ni ute unaofunika ngozi yake, ambao hauzichochei seli hizo kufyatuka; ute huo ukibanduliwa, naye huchomwa kama samaki mwingine. Zaidi ya hayo, baadhi ya spishi hulazimika kumzoea anemoni mpya polepole, zikimgusa kidogo kidogo kwa mapezi na mkia, jambo ambalo lisingehitajika iwapo kinga yote ingekuwa ya kuzaliwa.

Wala si kila anemoni anayefaa. Kati ya spishi zaidi ya 1,000 zinazojulikana, takriban 10 tu ndizo huwapokea samaki hawa, nazo huishi katika maji ya kina kifupi, kwa kuwa hutegemea miani (viumbe vidogo mno vya majini vinavyofanana na mimea) iliyomo mwilini mwao, ambayo huhitaji mwanga wa jua. Samaki wa anemoni hupatikana kiasili katika miamba ya matumbawe ya Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na magharibi mwa Pasifiki. Katika Atlantiki, ikiwamo Karibi, hayupo.