Cheti cha bure cha tovuti: yanayosemwa na yalivyo

"Rahisi ghali." Ndilo jibu ninalopewa na wenye nyumba za wageni, Mji Mkongwe hadi Nungwi, nikiwaambia cheti cha usalama cha tovuti hakitawagharimu hata shilingi. Kwa kitambaa cha Darajani, sawa. Kwa cheti hiki methali haina mahali.

Cheti hukihakikishia kivinjari (programu ya kufungulia tovuti, kama Chrome) kwamba kimefika kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, ya jina lile lile lililoandikwa juu. Baada ya hapo seva na kivinjari hukubaliana funguo za kuficha mazungumzo, na uimara wa funguo hizo hauongezeki kwa risiti. Let's Encrypt, inayotoa vyeti bure tangu 2015, ipo chini ya Internet Security Research Group, shirika la Marekani lisilo la kibiashara linaloendeshwa kwa michango na ufadhili. Vivinjari vyote vikubwa vinavitambua vyeti vyake. Inaniuma kuona fedha za kununulia mashuka mapya zinalipia ulinzi ule ule.

Wapo wanaodhani mwenye tovuti iliyo na cheti ni mwaminifu. Sivyo. Let's Encrypt huangalia jambo moja: je, anayeomba anakimiliki kikoa, yaani jina la tovuti? Hutaka faili fulani liwekwe kwenye tovuti, au maandishi fulani kwenye DNS, orodha inayoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, basi. Tapeli anayejifanya hoteli ya Paje naye hupata cheti halali. Vipo vyeti vya kulipia ambavyo watoaji wake hukagua usajili wa kampuni, lakini mgeni haoni tofauti kwa haraka kwenye kivinjari. Asome jina herufi kwa herufi kabla ya kutoa namba ya kadi.

Na siku 90 ambazo cheti cha Let's Encrypt hudumu kabla ya kuhuishwa? Ni chache kwa makusudi: ufunguo ukiibiwa, mwizi hautumii muda mrefu. Vya kulipia navyo vinafupishwa. Kuanzia Machi 2029 havitazidi siku 47.

Dhana iliyoniumiza mimi ni kwamba cheti kikijihuisha chenyewe, kazi imekwisha. Julai moja, wageni wamejaa pwani, bi mkubwa mwenye nyumba ya wageni Jambiani alinipigia simu: "Mwanangu, wageni wanaambiwa tovuti yangu ya hatari, hawaingii." Miezi kadhaa nyuma nilikuwa nimefunga poti 80, mlango wa seva wa miunganisho ya kawaida ya http, nikiamini naimarisha ulinzi. Certbot, programu inayohuisha cheti, ilikuwa ikijaribu mara mbili kila siku, na uhakiki wake unaanzia poti hiyo hiyo. Makosa yalijaa kwenye kumbukumbu za seva, sikuyasoma, hadi cheti kikaisha muda. Nikafungua poti, nikaandika `certbot renew`, tovuti ikarudi kabla hatujakata simu.

Siku hizi kila nikigusa fayawoli ya seva, yaani ulinzi unaofungua na kufunga poti, najaribisha `certbot renew --dry-run`, zoezi la kuhuisha lisilobadilisha cheti, papo hapo. Tarehe ya mwisho ya kila cheti nimeiweka kwenye kalenda ya simu, maana tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kuonya.