Muhuri wa Wakili Unashuhudia Nini?

Kila tunapokutana na wananchi hapa Kisumu kuzungumzia mashamba na mirathi, hakosi kuwepo mtu mwenye karatasi iliyojaa mihuri anayeuliza kwa nini imekataliwa. Mara nyingi maneno yaliyoandikwa hayana tatizo. Tatizo ni kwamba aliyetia sahihi hakuwahi kuonana na aliyepiga muhuri.

Kamishna wa viapo ni wakili aliyeteuliwa na Jaji Mkuu ili aapishe watu na kushuhudia hati zao za kiapo, yaani afidaviti. Notari naye huteuliwa na Jaji Mkuu, ila watu humwendea hasa kwa hati zitakazotumika ng'ambo, kama ile ya kumpa ndugu aliye Uingereza mamlaka ya kukuwakilisha huko. Kwa afidaviti ya kesi iliyo mahakamani hapa Kisumu, kamishna anatosha.

Muhuri wa kamishna hausemi kwamba uliyoyaandika ni kweli. Unasema kwamba wewe mwenyewe ulifika, ukaapa na kutia sahihi mbele yake. Sheria ya viapo, Sura ya 15, kifungu cha 5, inamtaka aandike kwa ukweli mahali na tarehe ulipoapa. Viambatisho navyo hupigwa muhuri na kupewa alama za herufi.

Wanaotutia hofu zaidi ni wazee. Mama hajui kusoma, kijana wake anamletea karatasi nyumbani na kumwambia, "Mama, weka kidole hapa." Baada ya miezi anasikia shamba lina mwenyewe mwingine. Kwa asiyejua kusoma au asiyeona, kamishna anapaswa kuandika kwamba mtu huyo alisomewa hati, alionekana kuielewa, na aliweka alama yake mbele ya kamishna huyo. Kama anaelewa Kiluo au Kiluhya tu, basi asomewe kwa lugha hiyo. Kumfikisha mama mjini ni gharama, tunajua, lakini hakuna njia ya mkato hapo.

Wakili anayekuwakilisha haruhusiwi kukuapisha katika kesi hiyo hiyo, wala mwenye maslahi ndani yake. Ndiyo maana anakutuma ofisi nyingine, hakusumbui.

Wakili anayepiga muhuri bila kumwona mwenye hati anahatarisha kazi yake. Anaweza kushtakiwa mbele ya jopo la nidhamu la mawakili, ambalo lina uwezo wa kumsimamisha au kumwondoa kwenye orodha ya mawakili. Aliyepata hasara anaweza pia kumdai fidia mahakamani, na sahihi ikiwa ya kughushi, hiyo ni jinai. Wewe unayeapa nawe una mzigo wako: uongo chini ya kiapo ni kosa la jinai, na muhuri wa kamishna hautakukinga.

Kwa hiyo nenda mwenyewe na kitambulisho chako halisi, na usitie sahihi kabla ya kufika. Ukiambiwa, "Iache tu hapa, jioni utaikuta imepigwa muhuri," chukua karatasi yako uende kwingine.