Mwanafunzi anafanya nini akiwa maktabani? Kazi iliyopo kati ya swali na jibu

Anayetaka kujua maktaba ya shule inatumikaje asianze na daftari la waazimaji. Daftari hilo huonyesha vitabu vilivyotoka mlangoni tu, na katika shule nyingi za sekondari za kutwa hapa Tanzania litamwonyesha majina machache na vitabu vilevile kila muhula: kiada cha Baiolojia, kiada cha Hisabati, pamoja na riwaya na tamthiliya zilizoteuliwa kwa ajili ya somo la Kiswahili na la Kiingereza. Matumizi makubwa hufanyika ndani ya chumba, mezani, wala hayaandikwi popote. Wakutubi tuna njia ya zamani ya kuyapata. Tunawaomba wanafunzi wasirudishe vitabu rafuni wenyewe bali waviache pale walipovisomea, kisha kabla ya kufunga tunapita meza kwa meza, tunavihesabu na kuandika namba za uainishaji, ndipo tunavipanga upya. Karibu yote nitakayoyaeleza hapa nimeyajua kutokana na meza hizo na kutokana na kukaa karibu na wanaozitumia.

Kundi kubwa zaidi halishiki kitabu chochote cha maktaba. Huja na madaftari yao, husoma walichoandika darasani, na hujibu maswali ya mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita, wawili au watatu wakisaidiana kwa sauti ya chini. Wapo wakuu wa shule wanaoyaona haya kuwa matumizi duni, na wapo wanaowafukuza wanafunzi hao ili viti vibaki kwa ajili ya “wasomaji”. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtoto anayeishi katika chumba kimoja na wadogo zake watatu, ambaye giza likiingia hana meza wala taa ya kutegemea, anahitaji mahali palipotulia kabla hajahitaji kitabu cha ziada, na shule isiyompa mahali hapo inamdai matokeo ambayo haijamwezesha kuyapata.

Matumizi ya pili kwa ukubwa ni kamusi, nayo hutokana na mfumo wetu wa lugha. Mtoto husoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili kwa miaka yote, halafu anapoingia kidato cha kwanza masomo karibu yote hubadilika kuwa ya Kiingereza. Kuanzia Januari hadi katikati ya mwaka, kamusi za Kiingereza na Kiswahili hazikai rafuni. Ndizo za kwanza kuchanika majalada, na ndizo ninazowashauri wakuu wa shule wanunue nakala nyingi kabla ya kufikiria jambo lingine lolote. Mkutubi makini hatazami tu kama kamusi imeshikwa, bali imeshikwaje. Mwanafunzi anayetafuta kila neno la aya moja atakata tamaa kabla hajafika nusu ya ukurasa. Namfundisha asome aya yote kwanza, apige mstari kwa penseli katika daftari lake chini ya maneno matatu au manne yanayoziba maana, ayatafute hayo, kisha arudie aya. Ni jambo dogo, lakini humwokolea saa nyingi katika muhula mmoja.

Matumizi ya tatu ndiyo yaliyonifanya niandike leo, nayo ni mwanafunzi aliyetumwa na mwalimu kutafuta jibu.

Tuseme binti wa kidato cha pili anaingia, anasalimu, “Shikamoo mwalimu, naomba kitabu cha mmomonyoko wa udongo.” Nikimwomba anionyeshe swali, mara nyingi litakuwa hivi: taja sababu tano za mmomonyoko wa udongo. Ninampa kiada cha Jiografia, anafungua sura husika, anakuta sababu zimepangwa kwa namba, ananakili tano za kwanza, anashukuru na kuondoka. Wenzake arobaini watafika kwenye ukurasa uleule. Katika hesabu yangu ya jioni kitabu hicho kitaonekana kuwa kimetumika sana, ilhali kilichofanyika ni kuhamisha maandishi kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Tunawalaumu watoto kwamba wamezoea kunakili, lakini swali lenyewe liliomba hivyo.

Sasa mwalimu abadilishe swali: kwa nini mifugo iliondolewa katika vilima vya Kondoa, mkoani Dodoma, mwaka 1979, na je, ardhi ilipona? Mambo ya msingi yanajulikana. Eneo hilo lilikuwa limeliwa na makorongo makubwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, ulianza mwaka 1973. Na mwaka 1979 serikali iliamua kuondoa mifugo yote katika eneo lililoharibika zaidi, la kilomita za mraba 1,256. Majani na miti ilirudi, na mashamba yakaongezeka mahali palipokuwa malisho. Lakini wafugaji walilazimika kuhamishia mifugo yao mbali, na familia zikakosa maziwa na samadi, hata baadaye ufugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaolishwa zizini ukaingizwa. Kwa mwanafunzi wa kidato cha pili, hili ni swali lenye pande mbili, na hakuna ukurasa mmoja unaoweza kunakiliwa.

Tazama linavyomtembeza maktabani. Kwa uainishaji wa Dewey, yaani mfumo wa namba wa kupanga vitabu rafuni kwa mada, mmomonyoko wa udongo uko 631.45, ufugaji uko 636, jiografia ya Tanzania iko 916.78 na historia yake iko 967.8. Huyo ni mtoto ambaye hadi jana alijua rafu moja tu, ile ya viada. Akifika kwenye rafu ya historia hatakuta kitabu chenye jina la Kondoa, kwa hiyo lazima afungue faharasa, yaani orodha ya maneno na kurasa zake iliyo nyuma ya kitabu, na hapo ndipo ninapogundua kwamba wanafunzi wengi hawajawahi kuonyeshwa kuwa kitabu kina faharasa. Hupekua karatasi moja baada ya nyingine kutoka mbele, wakitumaini jicho litanasa neno. Ninamketisha, ninamwuliza: mwandishi angeliita jambo hili kwa jina gani? Tunaandika orodha fupi pamoja: Dodoma, mifugo, malisho, makorongo, hifadhi ya udongo. Mara nyingi neno la kwanza halipatikani, la pili lina kurasa nyingi mno, la nne linampeleka penyewe. Dakika hizo kumi ni somo kamili la utafutaji wa maarifa, na litamfaa hata siku atakapokaa mbele ya kompyuta.

Halafu huja hatua ambayo watu wazima husahau. Amekusanya vitabu vitatu, kimoja kinasema uamuzi ulifanikiwa, kingine kinaeleza shida za wafugaji, cha tatu kina takwimu asizozielewa, naye anachoka. Uso unabadilika, anafunga daftari, anasema, “Mwalimu, hivi vitabu vinanichanganya.” Carol Kuhlthau, aliyekuwa mkutubi wa shule kabla ya kuwa mhadhiri katika Chuo Kikuu cha Rutgers huko New Jersey, aliwafuatilia wanafunzi wa sekondari wa Marekani katika miaka ya 1980 walipokuwa wakiandaa insha za utafiti, akawataka waandike walivyojisikia siku kwa siku. Aliona kazi ikipita katika hatua sita: kupokea kazi, kuchagua mada, kuchunguza, kupata mwelekeo, kukusanya, na kuwasilisha. Jambo alilolionyesha waziwazi ni kwamba mwanafunzi huanza na wasiwasi, hupata matumaini akishachagua mada, kisha katika kuchunguza huingiwa na mashaka na mkanganyiko, kwa sababu habari anazokutana nazo hazikubaliani wala hazilingani na alichokijua. Mkanganyiko huo ni sehemu ya kawaida ya kujifunza, na hauonyeshi kwamba mtoto ni mzito.

Ninaamini kunakili kwingi tunakokulalamikia huzaliwa hapo. Mtoto aliyeachwa peke yake na vitabu vitatu visivyokubaliana atachagua kimoja, atanakili, na hatumwachii njia nyingine. Kama kuna saa moja tu ya mkutubi kwa wiki ambayo shule inaweza kuilipia, iwe saa hiyo ya katikati, wala isiwe ya kugonga mihuri na kuandika tarehe za kurudisha.

Ninachofanya katika saa hiyo si kigumu. Ninamwomba afunge vitabu vyote na anieleze kwa Kiswahili alichokisoma, kama anavyomweleza dada yake nyumbani. Kiswahili hapa ni cha lazima, kwa kuwa mwanafunzi anayelazimishwa kufikiri kwa Kiingereza asichokimudu atashikilia sentensi za kitabu jinsi zilivyo. Akieleza kwa lugha anayoimiliki, utasikia mara moja alichokielewa na kilichompita. Kisha ninamwuliza ni kitabu gani anakiamini zaidi na kwa nini, nani alikiandika, na mwaka gani. Kitabu kilichochapishwa mwaka 1980 hakiwezi kumwambia kama ardhi ilipona, na ukimwongoza kuyaona hayo mwenyewe kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji, hatasahau kuutazama tena. Mwisho anaandika sentensi moja, kwa Kiingereza chake, ya jibu analolielekea. Wengi huondoka wakiwa na sentensi hiyo moja tu, na inatosha kwa siku ile.

Marekani maktaba za shule ziliitwa vituo vya midia kwa muda mrefu, kufuatia viwango vya mwaka 1969 vilivyoziunganisha rafu za vitabu na filamu, rekodi za sauti na mashine zake chini ya paa moja na mtaalamu mmoja. Kwetu muunganiko huo unakuja kwa kompyuta. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka viada katika maktaba yake mtandao, na pale ambapo intaneti ni ghali au hukatika, seva ndogo yenye Kolibri au Kiwix huweza kuwapatia wanafunzi masomo, video na Wikipedia nzima ya Kiswahili ndani ya chumba bila kutumia data. Navipenda vifaa hivi na ninawashauri walimu wenzangu waviombe. Lakini vikiwekwa mbele ya swali la “taja sababu tano”, vitaongeza kasi ya kunakili tu. Swali la Kondoa, kwa upande mwingine, huvifanya viwe na maana, kwa sababu picha ya korongo au ramani ya setilaiti inamwonyesha mtoto kitu ambacho aya haiwezi.

Lipo tatizo lisilohusu ufundishaji, nalo lisemwe wazi. Katika shule kadhaa nilizoalikwa kushauri, vitabu vizuri viko kabatini, kabati lina kufuli, na ufunguo uko kwa mwalimu mwenye vipindi vyake siku nzima. Sababu ni hofu: kitabu kimeandikwa kwenye leja ya vifaa, kikipotea mkuu wa shule ataulizwa na mkaguzi, lakini kisiposomwa kwa miaka kumi hakuna atakayeulizwa. Hofu hiyo haiondoki kwa kuwahubiria wakuu wa shule. Huondoka pale bodi ya shule inapokubali kwa maandishi kiwango cha upotevu wa kawaida kwa mwaka, kikaingizwa kwenye mpango wa ununuzi, na vitabu vilivyochakaa vikafutwa kwenye leja kwa utaratibu unaojulikana. Hapohapo mnaweza kuondoa viada vya misaada vya mitaala ya nchi nyingine, toleo la zamani, ambavyo katika hesabu za mezani havijawahi kuonekana hata mara moja. Vinajaza rafu na kumfanya mtoto aamini kwamba maktaba haina kitu chake.

Ilani ya maktaba za shule ya mwaka 1999, ya UNESCO na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, inasema kwamba wakutubi na walimu wakifanya kazi pamoja, wanafunzi hupata viwango vya juu zaidi katika kusoma, kujifunza na kutatua matatizo. Kwa vitendo, ushirikiano huo huanzia kwenye azimio la kazi. Mwanzoni mwa muhula ninawaomba walimu wa Jiografia, Historia na Baiolojia wachague mada moja tu kila mmoja, waniletee swali lake wiki mbili kabla ya kulitoa darasani, tulisome pamoja na kuona kama lina ukurasa mmoja wa kunakili. Kama unao, tunalibadilisha. Kisha ninatenga vitabu vya mada hiyo kwenye meza moja visiazimwe nje, ninaigawa mikondo ili darasa la wanafunzi sabini lisije siku moja, na tunakubaliana kwamba alama zitolewe kwa hatua: chache kwa orodha ya maneno ya kutafutia, chache kwa sentensi ya katikati, zilizobaki kwa insha. Kwa shule ya kutwa, kipindi hicho kiwekwe ndani ya ratiba na si baada ya kengele ya mwisho, kwa sababu wanaotembea mbali kurudi nyumbani, hasa mabinti, hawawezi kubaki.