Mwasumini Umejaa Majani, Maua Hakuna? Shika Mkasi

Katika kazi yangu ya kutunza bustani za nyumbani hapa Mombasa, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mwasumini wangu umepanda mpaka juu ya baraza, majani yamestawi, mbona hautoi maua?" Nikifika kwa mwenye swali, mara nyingi nakuta hali moja. Mmea una miaka yake, chini umebaki vijiti vitupu, juu matawi yamesongamana hata jua halipenyi, na mwenyewe hajawahi kuukata kwa sababu anauonea huruma.

Huruma hiyo ndiyo inayomnyima maua. Asumini huchanua kwenye machipukizi mapya. Tawi lililokwisha kukomaa halitoi ua palepale. Sharti lichipue upya kwanza. Ukiuachia mmea ukue upendavyo, utachipua kidogo tu kule nchani, na yale maua machache yatakuwa juu ya paa, ambako mkono haufiki na harufu haishuki.

Nazungumzia hasa asumini yetu ya pwani, ile ambayo wanasayansi huiita Jasminum sambac. Asili yake ni Asia ya Kusini. Ndiyo hiyohiyo iliyofanywa ua la taifa la Ufilipino mwaka 1934, na ndiyo inayolimwa mashamba kwa mashamba karibu na mji wa Madurai, kusini mwa India. Wakulima wa huko hawabembelezi: mara moja kwa mwaka huikata miasumini yao mpaka ibaki na kimo cha sentimita 45 hivi kutoka ardhini, wakaitilia samadi na maji, na msimu ukifika wanachuma maua ya kupeleka sokoni. Sisi wa nyumbani hatuna haja ya kukata kiasi hicho, ila kanuni ni moja.

Chukua tawi changa ulitazame kwa karibu. Majani yamekaa mawilimawili, yakielekeana, na kwenye kwapa la kila jani pana kijicho kidogo cha kijani. Nchani mwa tawi hutokea matumba, kwa kawaida matatu pamoja. La katikati hutangulia kuchanua, kisha yale ya pembeni. Yakimalizika, ncha ile haina tena pa kuendelea, na mmea unaweza kukaa muda mrefu kabla ya vijicho vya chini kuamka vyenyewe. Sasa kata ile ncha iliyomaliza kazi, juu kidogo ya jozi ya pili au ya tatu ya majani. Vijicho viwili vilivyo chini ya mkato huamka karibu kwa pamoja, na tawi lililokuwa moja linakuwa mawili, kila moja na matumba yake. Kazi hii ndogo haina msimu. Mimi huifanya kila ninapopita bustanini.

Mkato mkubwa ni jambo jingine, nao naufanya mara moja kwa mwaka, kipupwe kinapoelekea kwisha, Agosti hadi mwanzo wa Septemba. Wakati huo mmea umepoa, na joto pamoja na mvua za vuli viko njiani kuyapa nguvu machipukizi. Naanza kwa kuondoa matawi makavu na yale yaliyosukana ndani kwa ndani, kisha yaliyobaki nayapunguza kwa theluthi moja. Mmea mkongwe uliopuuzwa huweza kuvumilia hata kupunguzwa nusu. Mkasi uwe mkali, uwe umepanguswa kwa spiriti, maana tawi lililochanwachanwa huingiza maradhi. Baada ya hapo mwaga nusu debe ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri kuzunguka shina, bila kuligusa, kisha mwagilia. Usishtuke ukiuona mmea umekaa uchi kwa majuma machache.

Wala usiyatupe uliyoyakata. Asumini ya bustani hutoa mbegu kwa nadra sana, kwa hiyo miche yetu hutokana na vipande vya matawi. Chagua tawi ambalo si teketeke wala si gumu sana, kata kipande cha sentimita 15, ondoa majani ya chini na ukizike pingili mbili kwenye mchanga uliochanganywa na mboji. Weka kivulini penye unyevu. Kwa joto letu la pwani, mizizi hutoka baada ya wiki nne hadi sita. Ukiwa na jirani mwenye asumini nzuri, siku anayokata ndiyo siku ya kumtembelea.

Panda mahali panapopata jua kwa muda wa saa sita kila siku, usipungukiwe sana na hapo. Nimeona miasumini mingi imewekwa chini ya mwembe kwa nia njema ya kuikinga na joto. Yote hurefuka kutafuta mwanga na kusahau maua. Jambo la pili ni mbolea. Mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi, kama urea, hukuletea majani mapana ya kijani kibichi na hakuna zaidi. Samadi na mboji zinatosha, na ukitaka kuongeza kitu, ongeza majivu kidogo, lakini soma kwanza hili linalofuata kuhusu udongo.

Udongo wa pwani, hasa ule wa juu ya mawe ya matumbawe, una chokaa nyingi. Karibu na kuta za nyumba hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa mafundi huacha mabaki ya saruji na kokoto yakafukiwa hapohapo. Asumini hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Chokaa ikizidi, mizizi hushindwa kufyonza madini ya chuma hata kama yamo, na dalili yake haijifichi: majani machanga hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Watu wengi hudhani ni kiu, wakazidisha maji, na mmea ukazidi kudhoofika. Dawa ni kuchimba shimo la sentimita 45 kila upande, sentimita 30 hivi kutoka ukutani, ukatoa kifusi chote na kujaza udongo mwekundu uliochanganywa na mboji nusu kwa nusu. Mwenye udongo wa chokaa asitie majivu kabisa, maana majivu nayo huongeza hali hiyohiyo. Na kama maji ya kisima chako yana chumvi, utaona ncha za majani zinaungua. Kinga maji ya mvua japo kwa mmea huu mmoja.

Kuhusu kuupandisha, ufahamu kwamba asumini haina zile kamba nyembamba za kujisokotea walizonazo mtango na mkarakara, wala haina mizizi ya kung'ang'ania ukuta. Sambac huegemea tu. Ukitaka ipande, lazima uifunge. Mimi hukaza nyaya za mlalo kila sentimita 30, nikaziacha mbali na ukuta kwa upana wa kiganja ili hewa ipite nyuma ya majani. Kisha matawi nayalaza, siyasimamishi. Tawi lililolazwa huamsha vijicho vyake vingi kwa mpigo, lililosimama huamsha cha juu tu. Funga kwa kamba laini ya katani au kitambaa, fundo lisibane. Ile aina yenye maua mazito ya tabaka nyingi, inayouzwa kwa jina la Grand Duke of Tuscany, iache iwe kichaka. Hukua polepole, na kuilazimisha kupanda ni kuipotezea nguvu.

Walioko nyanda za juu, Limuru, Arusha au Lushoto, wana bahati ya aina nyingine: Jasminum polyanthum kutoka China. Hii hujisokota yenyewe kwenye waya, matumba yake yana rangi ya waridi kwa nje, na huhitaji usiku wa baridi ili ichanue. Ukiileta Mombasa utapata majani tu. Hiyo haikatwi kwa ratiba niliyotaja. Ikate mara inapomaliza kuchanua, usije ukaondoa matumba ya msimu ujao.

Wadudu si wengi. Kiangazi utitiri huvamia chini ya majani; wapige kwa maji ya mpira asubuhi siku kadhaa mfululizo. Vidung'ata, wale weupe wenye ungaunga, nawaosha kwa maji ya sabuni yenye mafuta ya mwarobaini kidogo.

Kuchuma nako kuna wakati wake. Asumini hufunguka jua linapozama, na kesho yake ua limekwisha chakaa na kuanza kupata wekundu wa zambarau. Kwa hiyo chuma alasiri, baina ya saa tisa na saa kumi na moja, tumba likiwa limefumba bado. Lililo tayari limenona na ni jeupe lote. Lenye ukijani nchani liache mpaka kesho, kwa sababu ukilichuma leo halitafunguka tena. Ukifika kwenye tumba la mwisho la kishada, kata na ile ncha palepale, umalize kazi mbili kwa mkono mmoja. Anayetunga kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia kinachovaliwa kifuani, huyatia matumba uzini yangali yamefumba, akayapanga na mrehani na mkadi, akayafunga kwenye jani bichi la mgomba. Yakikaa hivyo bila kutiwa maji, yatafunguka usiku, kikuba kikiwa tayari kifuani mwa mwenyewe.